Baridi Iliyojulikana: Wafugaji wa Mongolia na Zudi, 1944 hadi 2024

Nilizaliwa Kasese, magharibi mwa Uganda, na theluji nimeiona maisha yangu yote bila kuigusa. Asubuhi zisizo na mawingu huonekana juu ya Rwenzori kama chumvi iliyomwagika kwenye jiwe. Sisi tuliokuwa tukichunga ng'ombe kule chini, kwenye joto, hatukuifikiria sana. Ilikuwa kitu cha mlima, nasi tulikuwa watu wa bonde.

Ndiyo maana nilishtuka kidogo nilipojikuta, katika mwaka wangu wa pili chuoni, nikiandika kuhusu theluji. Mhadhiri wetu wa historia alikuwa akifundisha juu ya jamii za wafugaji wa Asia ya Kati. Akatueleza kwamba katika majira ya baridi ya 2009 na 2010, nchi ya Mongolia ilipoteza mifugo karibu milioni 10 kati ya milioni 44. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Kwani hawakujua kwamba baridi inakuja? Kwa nini hawakuuza mapema?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo hilo niliwahi kumuuliza baba yangu mdogo nikiwa kidato cha tatu, na nitalieleza baadaye alivyonijibu.

Insha hii inajaribu kulijibu swali la mwenzetu. Hoja yangu ni kwamba Wamongolia walijua, na kwa sehemu kubwa wamekuwa wakijua siku zote. Kilichobadilika katika historia yao ni nani alikuwa na uwezo wa kufanya jambo baada ya kujua.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Wamongolia huliita janga hili zudi. Neno hili halimaanishi theluji, wala halimaanishi baridi. Linataja hali ambayo mifugo haiwezi kufikia malisho wakati wa baridi, ikadhoofu na kufa kwa wingi. Kuna zudi nyeupe, theluji inapokuwa nene mno hata kondoo hawezi kuifukua kwa kwato zake. Kuna zudi nyeusi, theluji inapokosekana kabisa, mifugo ikafa kwa kiu kwa sababu visima na mito imeganda na theluji ndiyo ingekuwa maji yao. Kuna zudi ya chuma: theluji inayeyuka kidogo, kisha inaganda tena na kuwa ngao ya barafu juu ya majani. Mnyama anayaona majani lakini hayafikii. Kuna pia zudi ya kwato, ambapo mifugo mingi imesongamana mahali pamoja na kuyakanyaga malisho yakaisha. Watu waliotunga majina haya hawakuwa wageni wa jambo lenyewe.

Katika nchi hiyo kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 40 za baridi karibu kila mwaka mahali fulani, na hilo peke yake si janga. Mbuzi na kondoo walioshiba mafuta katika majira ya joto wanaweza kuvumilia baridi hiyo. Janga huanza mapema zaidi, mwezi Julai na Agosti, mvua zinapokosekana na nyasi kubaki fupi. Mnyama anaingia kwenye baridi akiwa amekonda. Kisha theluji inaanguka mapema, na vifo vinafuata, vingi vikitokea mwezi Machi na Aprili wakati mtu wa mbali angedhani hatari imekwisha. Kwa hiyo mfugaji anayemkagua kondoo wake mwezi Septemba, akipapasa mkia wake wenye mafuta, tayari ana nusu ya utabiri mkononi.

Nusu ya pili alikuwa nayo katika kalenda. Wamongolia huhesabu majira ya baridi kwa tisa tisa. Kuanzia siku ile ya Desemba ambayo mchana wake ni mfupi kuliko yote, huhesabu vipindi tisa vya siku tisa, jumla siku 81, na kila kipindi kina alama yake. Katika tisa ya kwanza, pombe iliyokenekwa kutokana na maziwa huganda. Katika ya pili, huganda hata ile iliyokenekwa tena ikawa kali zaidi. Katika tisa ya tatu huganda pembe za fahali wa miaka mitatu, na katika ya nne pembe za fahali wa miaka minne. Hapo ndipo kilele. Tisa ya tano, wali uliopikwa hauwezi tena kuganda. Ya sita, njia zinaanza kuonekana kama mistari katika theluji. Ya saba, vichwa vya vilima vinachomoza. Ya nane, ardhi inaloa. Ya tisa, joto la kawaida linarudi.

Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilidhani ni hadithi ya watoto. Baadaye nikaona kwamba ni hesabu ya akiba. Mtu anayejua kwamba yumo katika tisa ya tatu anajua pia kwamba kilele bado kiko mbele yake, na anaweza kulinganisha siku zilizobaki na rundo la nyasi kavu lililo nyuma ya zizi. Angalia pia mpangilio wa vipimo: pombe, pembe, chakula, njia, kilima, udongo. Vyote ni vitu ambavyo mtu huvikuta akitoka tu nje ya hema lake la duara, yaani geri.

Lakini tusiyapambe mambo. Katika maarifa hayo ya wazee kulikuwa pia na imani kwamba mwaka wa tumbili, katika mzunguko wa wanyama 12, ndio mwaka wa zudi. Imani hiyo ilipata nguvu kwa sababu zudi kubwa ya 1944 iliangukia mwaka wa tumbili, na ya 1968 vilevile. Ila msimu mbaya wa 1999 ulianza katika mwaka wa sungura, na ule wa 2009 katika mwaka wa ng'ombe. Aliyemsubiri tumbili alikutwa na mnyama mwingine.

Sasa tuingie katika historia. Mwaka 1924 Mongolia ilitangazwa kuwa jamhuri ya watu, ikiwa chini ya ushawishi wa Wasovieti. Kati ya 1930 na 1932 serikali ilijaribu kwa nguvu kuwaingiza wafugaji katika ushirika. Wafugaji wengi waliona ni heri kuchinja wanyama wao kuliko kuwatoa, na katika miaka hiyo michache takriban theluthi moja ya mifugo ya nchi ilipotea, mpaka uasi ukazuka na serikali ikarudi nyuma. Ninalitaja hili kwa sababu halikuwa zudi. Hapakuwa na theluji ya kulaumiwa. Anayeandika historia ya hasara za mifugo Mongolia akianza na hali ya hewa peke yake atakuwa ameruka janga mojawapo kubwa kuliko yote.

Zudi ya 1944 ilikuja wakati nchi ikiongozwa na Khorloogiin Choibalsan, na Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vinaendelea. Mongolia ilikuwa imepeleka mamia ya maelfu ya farasi kwa jeshi la Wasovieti, pamoja na nyama, ngozi na sufu. Hapa inabidi nieleze kazi ya farasi, kwani ndiyo iliyonifunza mengi. Katika theluji nene, farasi hupiga kwato na kuifukua. Wafugaji huwatanguliza, kisha ng'ombe, kondoo na mbuzi hufuata katika nafasi zilizofunguliwa. Familia yenye farasi wachache inaweza kuwa na kondoo wanaosimama juu ya chakula wasichoweza kukifikia. Sidai kwamba vita ndivyo vilivyoleta maafa ya 1944. Ninasema theluji ile iliwakuta watu ambao sehemu ya kinga yao ilikuwa imekwisha kusafirishwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ilirudi kwenye ushirika, safari hii kwa ujanja zaidi, na kufikia mwaka 1960 karibu wafugaji wote walikuwa wamejiunga. Ushirika huo uliitwa negdeli. Mfugaji akawa mfanyakazi anayelipwa mshahara kwa kuchunga wanyama wa ushirika, huku akiruhusiwa idadi ndogo ya wake mwenyewe. Wenzangu wengi darasani, waliposikia neno ushirika, walikumbuka mara moja vijiji vya Ujamaa vya Tanzania na wakataka tuhukumu haraka. Mimi nadhani tusubiri kidogo. Negdeli ilikuwa na vikosi vya kukata nyasi wakati wa joto. Ilikuwa na malori ya kuhamisha familia, madaktari wa mifugo, mazizi yenye kuta, visima vya mashine. Nyuma yake kulikuwa na akiba ya dharura ya chakula cha mifugo iliyowekwa na taifa. Utabiri ulipotolewa, palikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuitikia.

Ni kweli kwamba mfugaji hakuwa huru. Hakuchagua achunge nini, na aliyeona dosari alikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza. Zudi hazikukoma pia. Nimekwisha kuutaja mwaka 1968. Ila tukiuliza swali moja tu, yaani baridi ikijulikana nani anatoa lori, basi katika miaka ile jibu lilikuwepo.

Jibu hilo lilitoweka ghafla. Mwaka 1990 mfumo wa chama kimoja ulianguka, msaada wa Wasovieti ukakatika, na kuanzia 1991 mifugo ya ushirika ikagawiwa watu binafsi. Viwanda vya mjini vilifungwa. Watu waliokuwa makarani, madereva na mafundi walipewa wanyama wao wakaenda porini kuanza maisha, kwa hiyo idadi ya familia za wafugaji ikaongezeka zaidi ya mara mbili kabla muongo haujaisha. Visima vya mashine viliharibika bila mtu wa kuvitengeneza. Malori yaliuzwa. Kukata na kuweka akiba ya nyasi, kazi iliyofanywa na vikosi, sasa ikawa kazi ya baba, mama na watoto wawili ambao mwezi Septemba wanatakiwa shuleni.

Wakati huo huo kulikuwa na bidhaa moja iliyolipa fedha taslimu: kashimiri, manyoya laini ya mbuzi. Mwaka 1990 Mongolia ilikuwa na mbuzi takriban milioni 5. Mwaka 2009 walikuwa zaidi ya milioni 19. Wataalamu huwalaumu mbuzi kwa kuharibu malisho, na sina ubishi nao, ila mbuzi hakujinunua mwenyewe. Kwa familia isiyo na mshahara wala akaunti benki, mbuzi ndiye benki. Ndiye ada ya shule, ndiye dawa, ndiye unga.

Hapa ndipo nirudi kwa baba mdogo. Nilipokuwa kidato cha tatu, redio ilitangaza kwamba mvua zingechelewa. Sote tulisikia, tumekaa pamoja barazani. Nikamwuliza kwa nini asiuze ng'ombe kumi kabla hawajakonda. Hakukasirika. Aliniambia nihesabu pamoja naye. Wawili si wake, aliazimwa na rafiki wa babu. Watatu wameahidiwa kwa ndoa ya binamu yangu. Wengine wana mimba. "Na hao waliobaki," akasema, "nikiwapeleka mnadani Jumamosi, nitawakuta jirani zetu wote wamesikia redio ile ile." Bei ilikuwa imeshaanza kuanguka. Hakuuza. Walikufa kumi na mmoja. Sijui mpaka leo kama alikosea, ingawa nimehesabu tena na tena.

Nadhani mfugaji wa Mongolia alikaa mbele ya hesabu ya namna hiyo mwezi Oktoba 1999. Majira ya joto yalikuwa makavu. Wanyama walikuwa wamekonda, na wanyama waliokonda hawana bei. Nchi ilikuwa na mifugo zaidi ya milioni 33, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa. Katika misimu mitatu mfululizo, kuanzia 1999 hadi 2002, ikapoteza takriban milioni 11. Wengi walioathirika walikuwa wale wafugaji wapya, wenye makundi madogo, ambao hawakuwa na sehemu nzuri ya kukaa wakati wa baridi wala ndugu wa kuwapokea katika wilaya nyingine. Desturi ya kuhama mbali kwa dharura, iitwayo otori, ilihitaji makubaliano ya kule unakokwenda. Zamani viongozi wa ushirika waliyapanga. Sasa familia ilifika na kondoo wake dhaifu, ikawakuta watu wa huko wakilinda majani yao.

Kisha ikaja 2009. Takriban familia 9,000 zilipoteza kila mnyama waliyekuwa naye. Wengi walihamia Ulaanbaatar wakapiga geri zao kwenye vilima vinavyozunguka jiji, wakachoma makaa ya mawe ili wasigande. Katika majira yaliyofuata Umoja wa Mataifa uliwalipa wafugaji fedha ili wakusanye mizoga na kuizika kabla magonjwa hayajaenea. Ilikuwa kazi ya lazima. Lakini fikiria mtu anayelipwa kumzika kondoo ambaye miezi minne kabla hakuna aliyemlipa kumlisha.

Tangu hapo yamejaribiwa mambo mawili ninayoona ni mapya kweli. La kwanza ni bima. Mwaka 2006, katika mikoa ya Bayankhongor, Khentii na Uvs, Mongolia kwa msaada wa Benki ya Dunia ilianza bima ambayo haimhesabii mfugaji wanyama wake mmoja mmoja. Inaangalia kiwango cha vifo katika wilaya nzima, na kikivuka kiasi kilichowekwa, waliokata bima wote hulipwa. Hivyo aliyejitahidi akaokoa wanyama wake hapati adhabu kwa bidii yake. Wazo la namna hiyo lilifika kwa majirani zetu mapema kuliko nilivyodhani: mwaka 2010 bima ya mifugo kwa kipimo ilianzishwa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ikipima kwa setilaiti jinsi malisho yalivyo ya kijani. Baridi kule, ukame huku, hesabu karibu moja.

La pili ni msaada unaotangulia janga. Wataalamu wa Mongolia hutoa ramani ya hatari ya zudi wakiunganisha ukame wa majira ya joto, hali ya malisho, idadi ya mifugo na utabiri wa theluji. Kwa kweli ni yale yale mambo ambayo mzee aliyapima kwa kupapasa mkia wa kondoo, ila sasa yamechorwa kwa nchi nzima. Kuanzia msimu wa 2017 na 2018, mashirika kama Msalaba Mwekundu na FAO yameitumia ramani hiyo kutoa fedha na chakula cha mifugo kabla vifo havijawa vingi.

Je, imetosha? Mwishoni mwa mwaka 2023 Mongolia ilihesabu mifugo zaidi ya milioni 64. Ramani ilikuwepo, tahadhari ilitolewa, theluji ikafunika sehemu kubwa sana ya nchi, na kufikia katikati ya 2024 zaidi ya milioni 7 walikuwa wamekufa. Mtu anaweza kusema kwamba bila maandalizi wangekufa wengi zaidi, na huenda ni kweli. Ila mimi naona idadi ile ya kwanza ndiyo ya kuulizwa: milioni 64, karibu mara mbili ya ile ya 1999, juu ya majani yale yale. Watu huongeza wanyama kwa sababu wanajua zudi itakuja na wanataka wabaki na wachache baada yake, na wingi huo huo ndio unaoifanya zudi inayofuata kuwa mbaya. Mwenzetu aliyecheka darasani alidhani mfugaji hatazami mbele. Kwa maoni yangu, anatazama mbele sana, lakini kila mmoja anatazama peke yake.

Likizo iliyopita nilimsimulia baba mdogo haya yote tukiwa kisimani. Habari za bima alizisikiliza kwa heshima tu. Zile tisa tisa zilimfurahisha, hasa pembe za fahali. Lakini kilichomfanya asimame, ndoo mkononi, ni farasi wanaotangulizwa katika theluji. Akataka kujua kama wanakula kwanza wao au wanawafungulia tu wengine. Nikamwambia wanakula kwanza, sehemu za juu za majani, kisha kondoo hula kinachobaki chini. Akatazama juu, Rwenzori ilikuwa imejificha mawinguni, akaendelea kuchota maji.